Sauti Nyuma ya Pazia

Vicent Barasa alikuwa na mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa na breki. Hilo tuliseme mapema tusije tukadanganyana. Kila siku saa sita na nusu mchana, wenzake wakipasha chakula moto na kugombania viti, yeye alitoka kwa mlango wa nyuma, akaingia kwenye Corolla yake iliyokuwa ikiungua jua pale Grand Prairie, akawasha kiyoyozi, akapandisha vioo, na akaingia laivu. Uso hakuuonyesha hata siku moja. Simu aliielekeza juu, watu wakaona kipande cha kioo na anga la Texas, halafu wakasikia sauti. Na sauti alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Ilikuwa nzito, haina haraka, na ilicheka kidogo kabla ya kuuma.

Ukurasa wake uliitwa Sauti ya Nyumbani. Walimfuata watu elfu sitini, wa Dallas, wa Houston, wa Nairobi, hata wa Doha. Hakuna alichokiacha salama. Leo anawachambua wanasiasa mmoja mmoja kama mama anayetoa mawe kwenye mchele. Kesho anabishana na vijana wa kompyuta kwamba hizo akili za mashine wanazozifundisha ndizo zitakazowafukuza kazi. Keshokutwa anawageukia akina mama ambao watoto wao wakisemeshwa Kiswahili wanajibu Kiingereza. Ukimpinga, anasoma jina lako kwa sauti, anakushughulikia mpaka unajitoa mwenyewe. Wafuasi wanamwaga vicheko huko chini: "Mzee, mwongeze nyingine!" Naye anaongeza. Kwa nini asiongeze? Mtu aliyeshinda asubuhi nzima akiamrishwa, adhuhuri anakuwa mfalme kwa dakika thelathini, atakataa?

Kitu kimoja hakukisema. Akiulizwa kazi yake, alijibu "mambo ya mifumo," akawaachia watu wajaze wenyewe. Wakajaza kompyuta. Mama yake mzazi kule Bungoma aliwaambia wenzake wa kanisa kwamba kijana wake yuko kwenye ofisi kubwa ya Marekani. Ukweli ni kwamba Vicent aliogesha wazee. Miaka minane alikuwa ndani ya nyumba ya wazee yenye vitanda tisini, akibadilisha nepi za watu waliowahi kuwa majaji na madereva wa treni, akiwalisha kwa kijiko, akiwageuza kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulala. Na kazi hiyo aliifanya vizuri. Nasema vizuri sana. Hakuna mzee aliyewahi kulia mikononi mwake. Lakini aliionea haya. Hebu niambieni, mtu mzima anaona haya kwa mkono unaosafisha, halafu haoni haya kwa mdomo unaochafua! Basi ndivyo alivyokuwa, na sijui ni wangapi kati yetu walio tofauti.

Sasa sikiliza alichokifanya.

Mwezi wa pili mwaka jana, kwenye kikundi kimoja cha Wakenya wa Texas, kile kinachoruhusu mtu kuandika bila jina, kuliwekwa maneno haya: "Nisaidieni mawazo. Naishi Houston na mama yangu. Ana ugonjwa wa kusahau. Asubuhi nafanya kazi hotelini, jioni hospitali. Mara mbili amefungua mlango akatoka, nikaletewa na majirani. Nimepata nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwangu, wananisubiri hadi Ijumaa. Naogopa. Ninyi mngefanya nini?"

Lilikuwa swali la mtu aliyechoka. Na kama kulikuwa na mtu mmoja Texas nzima mwenye jibu, ni Vicent. Angeweza kumwambia: dada, nenda bila kupiga simu, nusa korido, angalia visigino vya wazee kama vina vidonda, uliza ni wangapi wanaogeshwa na mtu mmoja kwa siku. Alijua ni maswali gani yanawatoa jasho mameneja. Angemsaidia kwa dakika tano tu.

Badala yake akaingia laivu.

"Mmeiona hii?" akaanza, na kile kicheko chake kidogo. "Dada yetu wa Houston amechoka na mama. Dada, mama yako alikuogesha kwenye karai. Hakukupeleka kwa mtu baki! Leo yeye ndiye amerudi utotoni, wewe unamtafutia mtu baki amwogeshe? Mtu anayelipwa kwa saa? Asiyejua hata anakula nini, anamgeuza kama gunia la viazi? Hao wa kwenye hizo nyumba mnawajua ninyi? Mimi nawajua!"

Anawajua, kweli! Alikuwa amevaa yunifomu yake ya buluu wakati anasema hayo. Mikono ilikuwa bado inanuka sabuni ya upande wa mashariki wa jengo, alikokuwa ameogesha wazee watatu tangu asubuhi, mmoja wao akambusu kiganja. Yote hayo alikuwa nayo ndani ya gari, na bado alisema.

Komenti zikawaka. Kisha mtu mmoja, maana hakosekani mtu, akaandika: "Namjua huyu. Ni Everline. Anakaa Gulfton, anaimba kwaya." Vicent angeweza kuliruka. Macho yake yaliliona, na kwa nukta moja hivi moyo wake ulimwambia liache. Lakini watu elfu nne walikuwa wanasikiliza.

"Kumbe Everline!" akasema, akalivuta jina. "Everline wa Gulfton, mwanakwaya! Jumapili unamwimbia Mungu, Ijumaa unamtupa mama. Haya, tuimbie sasa."

Alhamisi yule dada akaandika tena, safari hii kwa jina lake: "Nimesikia. Nafasi nimeiacha. Naomba sasa mniache." Vicent akaisoma laivu kama mtu aliyeletewa kombe. "Tumemwokoa mama mmoja!" akatangaza. Mioyo myekundu ikapanda kwenye kioo mpaka anga likafichika. Saa saba kamili akazima simu, akarudi ndani, akavaa glavu, akaendelea na kazi. Kutoka Grand Prairie hadi Houston ni saa nne kwa gari. Kufikia jioni alikuwa ameshamsahau Everline.

Mwezi wa kumi mwaka huohuo, Perpétue alimwita mbio. Perpétue ni muuguzi wa zamu, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mwanamke mfupi asiye na mzaha kazini.

"Kaka Vicent, hebu njoo namba kumi na nne. Kuna bibi kaletwa jana, Mkenya, nyonga ilivunjika. Kanitupia bakuli la uji. Nimemsemesha Kiswahili, anasema mimi si wa kwao, niondoke. Wewe si Mluhya? Huyu naye ni Mluhya, naapa."

Bibi alikuwa mdogo ndani ya kitanda kikubwa, kitambaa kichwani, kakunja uso, kashika shuka kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Jina lake liliandikwa ubaoni: Rispah.

"Mulembe, mama," akamwamkia Vicent kwa Kiluhya kutoka mlangoni.

Mikono ikalegea. Bibi akageuza kichwa, lakini hakumtazama. Alitazama ukuta, akatega sikio. "Sema tena."

"Mulembe, mama. Umeamkaje leo?"

"Ni redio," akasema Mama Rispah, na uso wote ukafunguka. "Redio yangu imekuja."

Vicent akacheka. Wazee walimwita majina mengi. Mmoja alimwita kwa jina la kaka yake aliyekufa vitani, mwingine alimdhani ni mchungaji. Redio si mbaya. Akaketi, akamlisha uji wote, akimsimulia habari za mahindi na mvua, na bibi akala akitikisa kichwa kama anayesikiliza taarifa ya habari.

Shida ilikuja kwenye kuoga. Perpétue akimgusa, bibi anapiga kelele jengo zima linasikia. Na Vicent, aliyeogesha wanawake wa Kizungu mamia bila mkono kutetemeka, hapo alikwama. Huyu ni mama wa kwao, anamwita mwanangu, rika moja na aliyemzaa. Atamvua nguo vipi? Alisimama na taulo mkononi akitokwa jasho.

"Basi kaa nyuma ya pazia," akasema Perpétue. "Wewe ongea tu. Mimi naogesha."

Ndivyo ilivyokuwa kuanzia siku ile. Perpétue akivuta lile pazia la kuzunguka kitanda, Vicent anabaki nje yake, mgongo kwa bibi, anasema: "Mama, sasa dada anainua mkono wa kulia. Maji ni ya vuguvugu. Sasa mgongo. Kule kwetu mahindi yanakauka shambani sasa hivi, mama." Na ndani unasikia maji tu, na bibi akiitikia mm, mm. Baada ya wiki mbili alikuwa anasimama kwa kushika kigari cha kutembelea, hatua nne, hatua sita. Mwalimu wa mazoezi akasema bibi huyu atatembea. Vicent akavimba kichwa kidogo. Hata akafikiria namna ya kuipenyeza kwenye laivu, pasipo kusema ni wapi: jinsi lugha ya mama inavyoponya kuliko dawa za Wazungu. Mungu alimwepusha na hilo angalau.

Siku moja wakikunja taulo, Perpétue akasema, "Huyu bibi angekuwa anatembea vizuri tu, ujue. Hii nyonga ni ya majuzi. Binti yake kanisimulia, nikalia. Walikuwa Houston. Alishampatia nafasi kwenye nyumba kama hii, karibu na kwake. Kuna mtu wa mtandaoni akamsema vibaya mbele ya watu, mpaka wanakwaya wenzake wakawa hawamsalimii. Akaogopa, akaiacha. Miezi saba baadaye mama katoka nje mchana, binti yuko kazini. Kaangukia barabara ya Hillcroft, nyonga ikavunjika, gari likamkosakosa. Ndipo binti akahamia Arlington kwa binamu yake, wasaidiane."

Vicent aliendelea kukunja taulo ileile. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja. "Binti anaitwaje?" akauliza, na tayari alijua.

"Everline."

Akasema anakwenda kuleta shuka. Akajifungia kwenye chumba cha mashuka, akasimama gizani kati ya rafu. Akatoa simu, akaitafuta ile laivu. Ilikuwa bado ipo, imetazamwa mara elfu arobaini na moja. Akaweka simu sikioni, akajisikia. Kicheko kile kidogo. *Tuimbie sasa.* Aibu ilimpanda kuanzia miguuni, akahisi masikio yanachoma kama mtoto aliyevuliwa suruali mbele ya darasa. Akaifuta. Lakini tusimpambe: hakuifuta kwa toba, aliifuta kwa woga. Aliona tu kwamba binti yule yuko Arlington, dakika kumi na tano kutoka hapo, na kwamba siku yoyote atasikia sauti yake.

Mpaka hapo Mungu alikuwa amewapishanisha. Everline alikuja Jumamosi, Vicent akiwa hayupo, na Jumatano jioni, Vicent akiwa ameshatoka. Sasa akasikia binti amepata kazi nyingine na atakuwa anakuja mchana. Mwanamume aliyewakabili mawaziri kwa mdomo akaenda kwa meneja kuomba ahamishiwe upande wa magharibi. Akasema mgongo unamsumbua. Akahamishwa. Akipita karibu na namba kumi na nne alipita kimya, akijibu watu kwa kichwa.

Siku tatu. Siku nne. Mama Rispah akaacha kula. Akaanza kupiga kelele tena, akamkwaruza Perpétue shavuni. Kigari cha kutembelea kikawekwa pembeni na kutundikiwa koti. Siku ya sita, Jumamosi, wakati Vicent amechukua zamu ya mtu, Perpétue akamfuata hadi magharibi, mikono kiunoni.

"Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, dada. Mgongo tu."

"Mgongo! Jana umemnyanyua mzee wa kilo mia, nimekuona. Sikiliza. Bibi hajaoga siku sita. Ana kidonda kinaanza hapa chini, lazima kisafishwe leo. Daktari kasema tukishindwa leo, Jumatatu anaanza kupewa dawa ya kumtuliza. Na wewe unaijua ile dawa. Atalala, atalala, hatasimama tena. Binti yake yuko mle ndani sasa hivi analia. Nakuomba kama ndugu yangu, njoo uongee."

Vicent anaijua ile dawa. Amewageuza waliopewa. Alitazama korido, ndefu, inang'aa, na kule mwisho kelele za Mama Rispah zilikuwa zinatoka chumbani. Alikuwa na njia mbili tu, na zote zilikuwa mbaya kwake. Lakini moja peke yake ndiyo iliyokuwa mbaya kwa bibi. Akaenda. Simsifu kwa hilo. Alikwenda miguu mizito, akiomba njiani kwamba binti awe ametoka kwenda chooni.

Hakuwa ametoka. Alikuwa amesimama ndani ya pazia, upande wa kichwani, Vicent akaona viatu vyake tu kwa chini, raba nyeupe za kazini. Perpétue akaingia, akavuta pazia. Maji yakamiminwa. Bibi akapiga ukelele.

"Ongea!" akasema Perpétue.

Vicent akafungua kinywa, akatoa sauti nyembamba ya kuazima, kama mtu mwenye mafua. "Mama, tulia, maji ni ya vuguvugu."

"Huyo ni nani?" Mama Rispah akafoka. "Mtoeni! Nataka redio!"

"Mama," akajaribu tena, kwa kunong'ona.

"Redio! Nataka redio yangu!" Na kitu kikaanguka, beseni au kijiko, na Perpétue akasema, "Kaka Vicent, unafanya nini? Mbona unaongea hivyo?"

Akafumba macho. Akaiachia sauti yake yenyewe.

"Mulembe, mama. Ni mimi. Nilikuwa mbali kidogo, nimerudi. Sasa dada anainua mkono wako wa kulia. Kule kwetu mvua imeanza, mama, wanavuna kabla haijaharibu."

Kelele zikakatika. Mm, akaitikia bibi. Mm. Na zile raba nyeupe, zilizokuwa zikihangaika huku na huku, zikatulia. Hazikusogea tena. Vicent aliendelea kuongea akiziangalia. Akataja mgongo, akataja mguu, akamwambia bibi ageuke pole pole, kidonda kitauma kidogo halafu kitapoa. Dakika ishirini nzima alizungumza mbele ya mtu aliyemtambua tangu neno la kwanza, na hakuna laivu ya nusu saa aliyowahi kuiona ndefu kama dakika hizo.

Pazia lilipofunguliwa, Everline alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, nywele amezifunga kwa haraka. Alimtazama kuanzia yunifomu hadi usoni, akamwonyesha korido kwa kidole.

"Ni wewe," akasema wakiwa nje.

"Ni mimi, dada."

"Nilidhani una ofisi."

Vicent akaitazama yunifomu yake ya buluu.

"Siku ile," akasema Everline, "ulikuwa wapi? Ulipokuwa unaniambia niimbe. Nilikuwa najiuliza huyu mtu amekaa wapi. Nilidhani umekaa kwenye kiti kizuri, una kahawa."

"Nilikuwa hapo nje. Kwenye gari. Ni saa ya chakula."

"Umevaa hizi nguo?"

"Ndiyo."

Everline akacheka, kicheko kibaya cha pumzi tupu, akajishika kinywa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti yake ilibaki vilevile, ya mtu aliyezoea kuongea na wageni wa hoteli. "Unajua kwa nini anakuita redio? Nikienda kazini nilikuwa namwachia simu ya zamani juu ya friji, nimefungua ukurasa wako, laivu zako zinajicheza moja baada ya nyingine. Asikie Kiswahili. Asijione yuko peke yake. Kwa hivyo usiniambie ulikuwa mtu baki kwangu. Wewe ndiye niliyekuwa nakuachia mama yangu."

"Dada Everline..."

"Na ile ya kwangu aliisikia. Nilirudi nikamkuta amekaa kitandani. Akaniuliza, huyo msichana mbaya anayesemwa na redio ni mtoto wa nani? Nikamwambia simjui, mama."

Haki ya Mungu, Vicent alitamani sakafu ile inayong'aa ipasuke immeze, na viatu vyake pamoja. Hakuna aliyewahi kumtusi kiasi hicho, na dada wa watu hakuwa ametoa tusi hata moja. 

"Nitaomba msamaha," akasema. "Kesho hii. Nitaingia laivu, nitaonyesha uso, nitawaambia wote kazi yangu na nilichokufanyia..."

"Usithubutu." Ndipo sauti ilipompanda. "Usithubutu hata kidogo! Utalia huko, watakutumia mioyo, watasema Vicent ni mwanamume kweli kweli. Utapata wafuasi wengine kwa mguu wa mama yangu. Na mimi nitakuwa tena Everline wa Gulfton, watu wanatafuta picha yangu. Hukunisema kwa siri, lakini nakuomba, tubu kwa siri. Mimi sitaki kuisikia."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi unaniuliza? Siku ile mimi niliuliza swali hilohilo."

Alikuwa amemaliza. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta, akashusha pumzi. Mle ndani Mama Rispah akaanza kuita, bila hasira, kama mtu anayeita jirani juu ya ua: "Redio! Mbona imezimika?"

 Vicent hakusogea, maana hakujua kama ana ruhusa ya kusogea. Everline akasukuma mlango kwa bega, akaushikilia wazi.

"Ingia," akasema. "Anakuita. Hajala tangu Alhamisi."

Akaingia. Perpétue alikuwa ameshamkalisha bibi kwenye kiti cha dirishani, amemfunga kitambaa kisafi, bakuli la uji liko mezani. Vicent akachukua kijiko, akapiga magoti kando ya kiti. Nyuma yake akasikia kiti kingine kikivutwa, Everline akiketi. Akamlisha bibi kijiko cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

"Sema basi," akasema Mama Rispah.

"Niseme nini, mama?"

Bibi akafikiri, akameza uji, akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu aje alimtazama machoni kama anayeona mtu na si sauti. "Wewe una mama?"

"Ninaye. Yuko Bungoma."

"Mzee kama mimi?"

"Kama wewe, mama. Hatoki kitandani siku hizi."

"Na wewe uko huku." Alisema tu, hakuwa anamlaumu. "Sasa nani anamwogesha?"

Vicent aliweka kijiko ndani ya bakuli. Miaka tisa hajafika kwao. Kila Jumapili anapiga simu ya video, mama anaonekana msafi, shuka safi, mkono wa mtu unashika simu pembeni, mkono wa kike mwembamba wenye bangili ya plastiki, na hajawahi kuuliza zaidi ya hapo.

"Kuna msichana, mama. Wa kazi. Ndugu zangu walimwandika."

"Ni wa kwenu?"

"Hapana. Alitoka mbali. Ni mtu baki tu."

"Mm," akaitikia Mama Rispah, akafungua kinywa apewe uji, akameza. "Anaitwa nani?"

Mwanamume aliyesoma majina ya watu kwa sauti mbele ya maelfu alitafuta jina hilo moja, akalitafuta tena, na nyuma yake Everline alikuwa amekaa akisubiri kulisikia.

"Sijui, mama," akasema.